Daftari la nauli lilivyonivua nguo

Juzi msomaji mmoja wa Eastleigh aliniandikia: "Dada, shirika letu linatafuta kiwango cha ubora cha kusimamia watu wa kujitolea. Tuanzie wapi?" Nilicheka ndani ya matatu, kisha nikanyamaza. Swali lenyewe lilinikuta bado nauguza kidonda.

Sisi tuko Kawangware, hapa Nairobi. Kila Jumamosi tunafundisha watoto kusoma, katika chumba tulichoazimwa na kanisa, na tuna wajitoleaji 30 na kitu. Mwaka huu tuliamua kujipima kwa kiwango cha kimataifa cha kujitolea, kile kilichozinduliwa Kigali mwaka 2019. Kina sehemu nne: kupanga na kuendesha miradi, wajibu wa kuwalinda watu, kusimamia wajitoleaji, na kupima matokeo. Unaanza kwa kujipima mwenyewe. Waingereza nao wana chao, na huko mkaguzi wa nje huja kuwahoji wajitoleaji wenyewe. Namshukuru Mungu hatukuanzia huko.

Ile sehemu ya tatu niliikalia na kalamu mkononi na majivuno tele. Mimi ndiye mratibu, mwaka wa sita sasa. Sera tunayo, kurasa 14, nimeiandika kwa mkono wangu. Vyeti vya mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, tunavyo, kwa sababu kwenye watoto sina mzaha. Nikawa naweka alama tu, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Nilipofika kwenye gharama za wajitoleaji, kama wanarudishiwa, nikaweka ndiyo. Mweka hazina wetu, mama asiyependa maneno mengi, akanisogezea daftari la nauli. Daftari la kawaida la watoto wa shule, jalada la bluu, lina doa la chai. Majina yapo, kiasi kipo. Safu ya sahihi ilikuwa nyeupe tangu Mei.

Katika majina hayo kulikuwa na kijana wa Kayole. Matatu mbili kuja, mbili kurudi, shilingi 320 kila Jumamosi, na Jumamosi 11 hazijalipwa. Aliacha kuja Agosti. Mimi, kwa kinywa changu, niliwaambia wenzangu kwamba amepata kazi. Sijui nani aliniambia. Nadhani nilitaka iwe hivyo.

Nikampigia. "Hapana, madam, sijapata kazi. Nilikuwa naona haya kuomba."

Bado inaniuma, na siyo kidogo. Nilikuwa nimesimama mbele ya wafadhili nikijisifu jinsi tunavyowathamini vijana wetu.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Eastleigh, usianze na sera. Anza na nauli. Ilipwe siku ile ile, kabla mtu hajafika stejini, na atie sahihi. Halafu wapigie walioacha, wote, hata yule uliyegombana naye. Waliobaki watakuambia mambo mazuri; walioondoka ndio wenye habari. Na nauli, narudia, nauli! Vijana wengi wanaojitolea Nairobi wana diploma na hawana kazi, na wanatumaini kwamba siku moja utawaajiri. Kama nafasi ya kazi haipo, waambie siku ya kwanza, usiwaachie tumaini kwa sababu linakufaa. Tuache kuwaambia "Mungu atawalipa" kana kwamba Mungu ndiye mweka hazina wetu. Sisi tulioshika ofisi tumezoea kuita woga wa watu unyenyekevu, na hiyo ni dhambi, acheni niseme.

Kwenye fomu nilifuta ile ndiyo, nikaandika bado. Fedha tulizitoa kwenye bajeti ya chai na mikate ya mikutano yetu, na kelele zilikuwepo. Kijana wa Kayole nilimtumia 3,520 kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, na ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Pesa zilifika. Ujumbe una alama mbili za bluu, na leo ni siku ya tisa.