Ziobro wa Poland: nilivyomfahamu nikiwa mpangaji Warsaw

Mkuu, umeuliza huyu Zbigniew Ziobro, aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Poland, ni nani hasa, na kwa nini Wapoland wakilitaja jina lake wanagombana mezani. Mimi nimeishi Warsaw kuanzia 2016 hadi 2021, kwanza chuo, baadaye kazi ya ghalani. Sheria sikusomea, nasimulia niliyoyaona na niliyoyafuatilia.

Nilipanga chumba mtaa wa Praga, ng'ambo ya mto Wisła. Jirani yangu alikuwa bibi mjane, na ndiye aliyeniambia kwa mara ya kwanza kwamba Ziobro ni mtu safi. Sababu yake ilikuwa nyumba. Mwaka 1945 serikali ilitwaa ardhi ya Warsaw yote. Ukomunisti ulipoanguka, wajanja wakaanza kununua madai ya warithi wa zamani kwa bei ya kutupa, mahakama na manispaa zikawakabidhi majengo, wapangaji wazee wakapandishiwa kodi mpaka wakahama wenyewe. 2017 ikaundwa tume ya kuchunguza mambo hayo, ikiongozwa na Patryk Jaki, naibu wa Ziobro. Bibi yule alikuwa anaitazama kwenye TV kama watu wanavyotazama mpira. Kwake yeye jaji maana yake ni mtu aliyegonga muhuri wenzake wakatupiwa virago nje. Sasa nenda kamwambie kuhusu uhuru wa mahakama!

Na Ziobro aliwajua watu wenye hasira kama ya bibi huyo siku nyingi. Ni mzaliwa wa Kraków, 1970, alisomea uendeshaji mashtaka. Jina lilipaa 2003 na 2004 kwenye kamati ya bunge iliyochunguza kashfa ya rushwa ya Rywin. Mwaka 2005, akiwa na miaka 35, akawa Waziri wa Sheria. Kipindi kile cha kwanza ndipo tabia yake ilipojulikana: anapenda kamera. Februari 2007 alikamatwa daktari bingwa wa moyo, Ziobro akaitisha waandishi wa habari na kusema hakuna mtu atakayepoteza maisha tena mikononi mwa bwana huyo. Shtaka la mauaji halikufika popote, mahakama ikamwamuru waziri aombe radhi, na mwaka huohuo upandikizaji wa viungo nchini ukashuka vibaya kwa sababu watu waliingiwa na hofu. Hapo mimi ndipo aliponishinda. Mwendesha mashtaka anayehukumu kwenye TV kabla kesi haijaanza siwezi kumwita shujaa, hata kama amenirudishia nyumba.

Baada ya hapo alikwenda Bunge la Ulaya, akafukuzwa 2011 kutoka PiS, chama chake kilichoongozwa na Jarosław Kaczyński, akaanzisha chake kidogo, halafu wakapatana. Novemba 2015 akarudi wizarani na kukaa miaka minane.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni hili. Kwetu Tanzania kuna waziri na kuna DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka), ofisi mbili. Poland nao walizitenganisha 2010. Machi 2016 Ziobro akaziunganisha tena, yaani mwanasiasa yuleyule, kiongozi wa chama, akawa bosi wa kila mwendesha mashtaka nchini, na anaweza kuingilia faili analotaka.

Julai 2017 nilipita usiku uwanja wa Krasiński, mbele ya Mahakama ya Juu. Maelfu ya watu wameshika mishumaa wanaimba "wolne sądy", mahakama huru. Nilisimama pembeni (mgeni mwenye kibali cha kuishi hajipeleki mbele kwenye maandamano). Rais Duda akakataa kusaini miswada miwili kati ya mitatu ya kubadili mahakama, wanafunzi wenzangu wakasherehekea. Ule wa tatu aliusaini, na ndio uliokuwa mtamu kwa Ziobro: ulimpa miezi sita ya kuwaondoa wakuu wa mahakama za kawaida bila kueleza sababu. Wakuu na manaibu takriban 150 waliondolewa, baadhi wakipata habari kwa faksi. Na ile miswada miwili ilirudi Desemba kwa sura nyingine ikapita. Kitengo cha nidhamu kwa majaji kilichozaliwa humo ndicho kilichosababisha Mahakama ya Ulaya, Oktoba 2021, kuitoza Poland faini ya euro milioni 1 kwa siku. Kesi nazo, alizoahidi zitakwenda haraka, zikazidi kuchelewa.

Mwisho wake unaujua kidogo. Chama cha Kaczyński kilipoteza serikali 2023, yeye akaugua saratani ya umio. Waendesha mashtaka wanadai mfuko wa kusaidia waathirika wa uhalifu uligeuzwa wa kisiasa, na zloti milioni 25 zake zikanunua Pegasus, programu ya kudukua simu. Mashtaka 26. Yeye anakana, anasema ni kisasi cha Waziri Mkuu Donald Tusk. Novemba 2025 bunge lilimwondolea kinga akiwa Budapest, na Januari 2026 ikatangazwa kuwa Hungary imempa hifadhi, kama ilivyompa naibu wake Romanowski 2024.

Anayesimamia kesi hiyo ni Waldemar Żurek, jaji wa Kraków aliyefunguliwa mashauri ya nidhamu chungu nzima enzi za Ziobro. Ni Waziri wa Sheria, na ndiye huyohuyo Mwendesha Mashtaka Mkuu. Kiti kile kilichounganishwa 2016 bado hakijatenganishwa, na bibi wa Praga kila nikimpigia simu hunianzia hapo hapo.