Maswali Yenu: Kichwa chasema "afungwa", habari yasema kesi haijasikilizwa

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari. Kila Ijumaa wanafunzi wangu husoma gazeti kwa sauti darasani. Wiki iliyopita kichwa cha ukurasa wa kwanza kilisema "Mwalimu mkuu afungwa kwa wizi wa vitabu". Tulipofika aya ya sita tukakuta amefikishwa mahakamani, amekana shtaka, na kesi itatajwa mwezi ujao. Binti mmoja akaniuliza: "Mwalimu, tuamini kipi, kichwa au habari?" Nilikosa la kumjibu. Hivi anayeandika kichwa huwa hajaisoma habari?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mwambie binti aamini habari, na asiiache kabla ya mstari wa mwisho.

Mwandishi aliyekaa mahakamani siku nzima mara nyingi siye aliyeandika kile kichwa. Kichwa huandikwa usiku na mhariri msanifu, ambaye ana kurasa tatu au nne mezani na mtambo unamsubiri. Nafasi ya kichwa huwa imekwisha kupimwa: mistari miwili, herufi 18 kila mstari, basi. Kazi hiyo nimeifanya miaka 22. "Apandishwa kizimbani" ina herufi 19, haiingii. "Afungwa" ina herufi 7, inaingia na nafasi inabaki. Lakini "ashtakiwa" ina herufi 9. Neno la haki lilikuwepo, Mwalimu, na lilizidi lile la uongo kwa herufi mbili tu. Ndiyo maana siikubali hoja ya nafasi kuwa ndogo.

Najua uzito wa neno hilo kwa sababu nami nililiandika. Karani mmoja alikuwa amepelekwa rumande, nami nikaandika "afungwa". Siku ya tatu mkewe akaja ofisini na lile gazeti limekunjwa mkononi. Mtoto wao alikuwa amekataa kwenda shule. Tuliomba radhi kwa mistari minne, ukurasa wa 14, chini ya ratiba ya vipindi vya redio. Mama yule alirudi, akaniwekea ukurasa huo mezani, akaniuliza: "Mbona mlipomfunga mlimfunga ukurasa wa kwanza?" Baadaye mahakama ilimwachia huru yule karani. Swali la mkewe sijalisahau hata leo.

Darasani kwako, wafundishe ngazi hizi. Mtuhumiwa ni anayeshukiwa. Mshtakiwa amesomewa shtaka. Mfungwa amekwisha kuhukumiwa kifungo na anakitumikia. Gazeti linalomwita mtu "jambazi" kabla ya hukumu limejipa kiti cha hakimu. Na hilo neno "afungwa" lina mitego yake hata pasipo mahakama: "Nahodha afungwa" huweza kuwa habari ya jela au ya mabao. "Adaiwa" nalo ni hivyo hivyo. "Mkurugenzi adaiwa milioni 40" na "Mkurugenzi adaiwa kuiba milioni 40" zinatenganishwa na neno moja, na neno hilo ndilo hukatwa mstari ukijaa.

Haraka huwaponza hata wakubwa. Tarehe 3 Novemba 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune lilitoka na kichwa kinachosema Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa rais wa Marekani. Wapiga chapa walikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo toleo la kwanza lilibidi kufungwa mapema, kura bado zinahesabiwa, na wahariri wakategemea ubashiri. Truman alipata kura 303 za wajumbe, Dewey 189. Picha ya Truman akiliinua gazeti hilo huku anacheka ingali inachapishwa. Yeye aliweza kucheka kwa sababu alikuwa rais. Yule karani hakuwa na cha kuinua.

SWALI: Mzee, gazeti liliandika tetemeko la nchi za mbali lilitokea "saa 8 usiku". Redio ilisema saa 2 usiku. Nani mkweli?

JIBU: Yaelekea redio, ingawa bila kuiona taarifa ya asili siwezi kuapa. Taarifa za mashirika ya habari huja kwa saa za Kizungu, na saa zetu zinapishana nazo kwa sita. Saa yao ya nane usiku ni saa yetu ya 2 usiku. Mtafsiri aliyechoka huhamisha tarakimu jinsi ilivyo, na watu waliokuwa mezani wakila chakula cha usiku wanaandikwa kuwa walikuwa usingizini. Ukikuta "saa 2 mchana" gazetini, jua hakuna aliyeisoma sentensi hiyo mara ya pili.

Tarakimu ndizo zinazonikosesha raha kuliko tahajia. Herufi ikidondoka msomaji huiona, lakini sifuri ikidondoka haonekani wa kuikumbuka. Na asilimia ni mbaya zaidi, maana huweza kuwa sahihi na bado ikapotosha. Oktoba 1995 Uingereza ilitoa tahadhari kwamba aina mpya za vidonge vya kuzuia mimba huongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Magazeti yakaibeba hivyo hivyo. Maradufu ya nini? Kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi wanawake 2 kati ya 7,000. Wengi waliogopa wakaacha vidonge, na mwaka uliofuata utoaji mimba katika England na Wales uliongezeka kwa takriban 13,000. Hakuna aliyedanganya kwa tarakimu. Kilichokosekana ni sentensi moja tu: kutoka ngapi hadi ngapi. Mimi nisingepitisha ukurasa wenye "yaongezeka kwa asilimia 100" bila sentensi hiyo, hata kama kichwa kingepoa.

SWALI: Kuna maana yoyote kuandikia gazeti lisahihishe? Si watu wamekwisha kusoma?

JIBU: Ipo. Januari 1920 safu ya wahariri ya New York Times ilimbeza Robert Goddard, mwanasayansi wa roketi, kwamba hajui hata yanayofundishwa sekondari, eti roketi haiwezi kwenda mahali pasipo hewa. Masahihisho yalitoka tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kurushwa kwenda mwezini. Goddard alikuwa amefariki tangu 1945. Yeye hakuyasoma, lakini anayefungua kumbukumbu za gazeti hilo leo huyakuta, na hilo si dogo.

Andika kwa ufupi. Taja tarehe ya gazeti, ukurasa, na sentensi yenye kosa neno kwa neno, kisha andika ilivyopaswa kuwa na uambatishe ushahidi. Omba masahihisho yawekwe ukurasa ule ule. Wakinyamaza, peleka barua hiyo hiyo kwa baraza la habari, kama lipo kwenu. Matusi yaache, kwa sababu barua yenye matusi humpa mhariri sababu ya kuitupa. Nami nimezitupa kadhaa ambazo hoja yake ilikuwa ya kweli.

Nawe Mwalimu, kikate kile kipande cha ukurasa wa kwanza ukihifadhi. Magazeti mengi huandika siku ya kushtakiwa na hayarudi siku ya hukumu. Mwalimu mkuu yule akiachiwa huru, mtume yule binti aliyeuliza aandike barua kwa mhariri, na kipande hicho akiambatishe.