Mkuu, achana na Rocky, iogope Ngao

Hapana mkuu. Hiyo hesabu yako ya kufika kwa siku mbili ifute kabisa. Umeandika kwamba unahamia Calgary kutoka Toronto mwezi wa 11, familia nzima ndani ya gari, unaiogopa Milima ya Rocky, na mtoto anataka umweleze kanda za ardhi za Kanada kwa kazi ya shule. Rocky iko magharibi ya Calgary! Utafika kwako hujaigusa. Inayomaliza watu njiani ni Ngao ya Kanada, lile eneo kubwa la mwamba utakalolivuka Ontario, na wewe hata hujaitaja.

Mimi niliingizwa mkenge na mtu niliyemheshimu kama kaka. Aliniambia, "Ukitoka Toronto ni tambarare tupu, kanyaga tu." Kumbe safari hiyo yeye kaifanya kwa ndege! Hadi leo nikimkumbuka damu inachemka.

Ngao ni mwamba mkongwe mno, na umetandaa karibu nusu ya nchi. Barafu ya kale ilikwangua udongo ikaacha mawe, misonobari na maziwa yasiyohesabika. Sasa pasipo udongo nani atalima? Na pasipo wakulima, sheli iwekwe kwa ajili ya nani? Miji ya huko ililetwa na reli, migodi na mbao, ndiyo maana iko mbalimbali. Tena Ontario peke yake ni kubwa kuliko Tanzania nzima. Utaendesha zaidi ya kilomita 1,800 na bado hujatoka jimboni.

Nilipita Wawa, mji mdogo wa huko Ontario, usiku, mshale wa mafuta uko robo. Nikasema nitajaza mbele. Mbele nikakuta sheli imefungwa, mtandao umekata, theluji inapiga kioo. Gari likazima kabla ya kufika mji wa White River. Hita nayo ikafa. Tulimfunika mtoto makoti yetu yote, akauliza kama tunalala pale, nikakosa la kumjibu. Baada ya karibu saa mbili dereva wa lori akasimama, Mungu ambariki popote alipo. Gari la kuvuta na hoteli vilikula zaidi ya dola 900, pesa ya kodi ya nyumba tuliyokuwa tunaiendea.

Kwa hiyo nisikilize: tanki likifika nusu, jaza. Sault Ste. Marie jaza, Wawa jaza, Marathon jaza, Nipigon jaza, hata kama mkeo anakucheka. Pita kipande hicho mchana, na kila asubuhi angalia kama barabara iko wazi. Januari 2016 sakafu ya daraja jipya la Nipigon ilinyanyuka kama sentimita 60, magari yakazuiwa, na ndani ya Kanada hakuna barabara nyingine ya kuunganisha mashariki na magharibi pale. Waliotaka kuvuka ilibidi wazungukie Marekani.

Ukishatoka Ontario na kukaribia jiji la Winnipeg miti inakwisha, ardhi inalala kama mkeka, na vijiji vya wakulima wa ngano vinaanza kuonekana. Ndiyo tambarare ya yule kaka, karibu kilomita 2,000 kutoka pale alipodai inaanzia. Hapo shida ni upepo unaopeperusha theluji barabarani, lakini watu wapo.

Unaondoka tarehe ngapi? Na matairi ya theluji umeshafunga?