Muda wa taa kwenye tangi la anubiasi

Kuwasha taa ya tangi la samaki kwa muda wa saa 12 kila siku ni kupita kiasi. Anza na saa 6, usizidi 8. Anubiasi, mmea wa majini wa kupamba tangi, hukua polepole, jani jipya huchukua wiki kadhaa, na mwanga ambao mmea hauutumii huliwa na mwani. Ndiyo hivyo vidoa vya kijani vigumu unavyoviona juu ya majani ya zamani. Funga taimu, kifaa cha kuwasha na kuzima taa chenyewe, kwenye soketi, mkono husahau. Taa ikiwa kali na haina kipunguzio cha mwanga, inyanyue sentimita 15 hivi au acha salvinia, mimea midogo ya kuelea, zielee juu zifunike nusu ya maji. Ila kama tangi linapigwa na jua la dirishani, taimu haitakusaidia: lihamishe kwanza.