Kinywaji Kiwashe Bila Kubadilika Rangi

SWALI: Ninauza maji ya madafu na maji ya ndimu katika chupa angavu hapa Mikindani. Vijana wameniomba kinywaji chenye pilipili, nami nikasaga pilipili kichaa nyekundu na kuitia humo. Kinywaji kikawa na wekundu, chembe zikaelea, na wateja wakakikataa. Nifanyeje?
Mama muuza vinywaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Mama yetu, kilichokuharibia kinywaji ni kule kusaga. Katika pilipili, kinachotia rangi na kinachowasha ni vitu viwili mbalimbali: wekundu hutoka katika ganda na nyama yake, ilhali muwasho hutokana na kapsaisini, ambayo haina rangi na hukaa kwa wingi katika utando mweupe unaoshikilia mbegu. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba ukali umo ndani ya mbegu, lakini mbegu huupata kwa kugusana na utando huo.

Kwa hiyo pasua pilipili mbuzi moja, ondoa mbegu, ukwangue utando peke yake. Kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji, hasa yakiwa baridi, usiutie moja kwa moja kwenye madafu, wala usiyachemshe madafu, maana yatapoteza ladha yake. Pika shira ya sukari nyeupe na maji, kikombe kwa kikombe, uiepue mara sukari inapoyeyuka, kabla haijaanza kuwa ya kahawia. Tumbukiza utando, funika kwa dakika 10, kisha chuja kwa kitambaa cheupe safi kilichokunjwa mara mbili. Shira ikipoa, anza na kijiko kimoja cha chai kwa glasi, koroga, onja, ndipo uongeze. Mikono ikiwasha, ipake mafuta ya kupikia kwanza ndipo uioshe kwa sabuni, kwani kapsaisini huyeyuka katika mafuta.

Tangawizi nayo inafaa, na kwa maji ya ndimu mimi ningeichagua kuliko pilipili. Ikwangue, ikamue, uache maji yake yatulie kwa saa moja. Wanga unaoleta ukungu utazama chini, nawe utamimina ya juu taratibu. Yana umanjano kidogo, lakini ndani ya maji ya ndimu hauonekani.

Jambo moja usilisingizie pilipili: maji ya madafu yakikaa wazi huweza kugeuka rangi ya waridi yenyewe, kwa sababu ya vimeng'enya vyake vinapokutana na hewa. Yafungue karibu na wakati wa kuyauza, uyaweke kwenye baridi.

Hatimaye, tafadhali andika neno PILIPILI kwenye kila chupa, kwa maana mtoto akiona maji meupe atayagugumia. Akiungua ulimi, mpe maziwa, si maji, kwa kuwa maji huusambaza muwasho mdomoni bila kuuondoa.