Taa za usiku kwenye shamba la babu: ni majini au viumbe wa sayari nyingine?

SWALI: Assalaam alaykum, Shehe, na shikamoo. Babu yetu ametuachia shamba la mikorosho juu ya vilima upande wa Mchinga, mkoani Lindi, mbali na kijiji. Tangu Julai mlinzi wetu anaona taa. Mara ni msururu wa nyota zinazofuatana angani juu ya bahari, kisha zinazimika moja baada ya nyingine. Mara ni mpira wa mwanga unaozunguka upande wa pili wa bonde kabla ya alfajiri, una mngurumo na harufu ya kiberiti, na kukicha macho yanamuwasha. Mbuzi wawili tumewakuta wamekufa, macho na ndimi hakuna, wala damu haikumwagika. Mdogo wangu ameona video za shamba moja la Marekani lenye mambo kama haya, anasema ni viumbe wa sayari nyingine. Mjomba anasema ni majini ya mbuyu ulioko shambani, au bibi mmoja jirani yetu anafuga kitu. Mganga ametaka mbuzi mweusi achinjwe chini ya mbuyu huo na shamba lizindikwe. Yupo pia mtu anayetaka kulinunua kwa bei ya kutupa. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba, mwanangu.

Nianze na mbuzi mweusi, maana ndiye aliye karibu na kisu. Asichinjwe chini ya mbuyu. Katika hadithi ya Sayyidna Ali iliyopokewa na Muslim, Mtume (s.a.w.) amesema Allah amemlaani anayechinja kwa ajili ya asiyekuwa Allah. Mganga atawaambia bismillahi itasomwa, na pengine atakuja na tasbihi mkononi. Haibadilishi kitu. Swali ni damu hiyo inamwagwa ili nani aridhike. Ukimchinjia mwenye mbuyu akuachie shamba, umeshakiri kwamba shamba ni lake. Surat al-Jinn, aya ya 6, inawataja watu waliokuwa wakijikinga kwa majini, na majini wakawazidishia tabu tu. Leo ni mbuzi. Msimu ujao mtaambiwa ng'ombe.

Tukija kwenye majini yenyewe: yapo, na anayeyakanusha ameikanusha Qur'ani. Lakini kuamini kwamba yapo ni jambo moja, na kumsadiki kila anayesema ameliona ni jambo jingine. La kwanza ni itikadi. La pili ni habari, na habari tumeamrishwa tuihakiki (al-Hujurat, aya ya 6) kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Aya inamtaja fasiki, na mimi simwiti mlinzi wenu fasiki, naamini aliona. Nauliza aliona nini.

Umeandika Julai, kabla ya alfajiri, mngurumo, kiberiti, macho kuwasha. Mwanangu, wewe ni mtoto wa Lindi kweli au umekulia Dar? Huo ndio wakati wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho! Ugonjwa wa ubwiri unga unapoanza kushika maua ya mikorosho, wakulima wanatoka usiku wa manane na mashine za mgongoni, kwa sababu saa hizo upepo umelala na umande uko kwenye majani, unga wa salfa unaganda vizuri. Mimi mwenyewe nimeshika mashine hiyo miaka mingi kwenye shamba la marehemu baba. Mwenzako akiwa mistari mitatu mbele, na tochi yake kichwani, humuoni mtu. Unaona wingu la manjano limewaka kwa ndani, duara, linaelea usawa wa matawi, linakwenda, linasimama, linageuka. Na ngurumo ya injini kwenye bonde huwezi kuijua inatoka upande gani. Asubuhi macho yanachoma kama yametiwa pilipili na koo linakauka. Salfa ndiyo hiyohiyo kiberiti, kwa hiyo harufu mliyoambiwa ni ya jini inauzwa kwa mfuko dukani. Waulizeni wenye mashamba ya ng'ambo ya bonde walipuliza usiku gani, mlinganishe na usiku wa mlinzi. Kazi hiyo ni ya nusu saa na haina gharama ya mbuzi.

Msururu wa nyota nao una maelezo. Tangu Mei 2019 kampuni ya SpaceX inarusha setilaiti za intaneti za Starlink, nyingi kwa mkupuo mmoja, na siku za mwanzo baada ya kurushwa zinapita zikiwa zimejipanga kama shanga. Huonekana baada ya magharibi au kabla ya kupambazuka, kwa sababu huko juu jua bado linazipiga wakati sisi tuko gizani. Zikiingia kwenye kivuli cha dunia zinapotea papo hapo, ya mbele kwanza, kisha inayofuata. Mwambie mlinzi asizichanganye na taa zinazotulia chini kwenye upeo wa bahari nyakati za giza la mwezi. Hizo ni za wavuvi wa dagaa, na ukiziangalia kutoka kilimani utadhani zinaning'inia hewani.

Mbuzi mpelekeeni habari bwana mifugo, na akifa mwingine asizikwe kabla hajamuona. Mbuzi akila majani ya muhogo mchungu anaweza kufa siku hiyohiyo bila jeraha. Akishakufa, kunguru na mbwa huanza na panapochanika kirahisi: jicho, ulimi, sehemu za nyuma. Na damu ya mzoga haichuruziki, imeshaganda ndani. Huko Marekani watu walilalamika hivyohivyo kuhusu ng'ombe wao, hadi mstaafu wa FBI, shirika la upelelezi la huko, Kenneth Rommel, akapewa kazi ya kuchunguza katika jimbo la New Mexico. Mwaka 1980 alitoa ripoti: wanyama na ndege wala mizoga.

Sasa shamba la mdogo wako. Nadhani ni lile la jimbo la Utah, la ekari 512, linaloitwa Skinwalker Ranch. Jina limetokana na imani ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, kuhusu mchawi anayejigeuza mnyama. Sisi huku kusini tuna simba wa kutumwa, kwa hiyo tunaelewana nao. Familia moja ililinunua mwaka 1994, na mwaka 1996 ikalieleza gazeti kuhusu taa, duara kwenye majani na ng'ombe waliokufa au kupotea. Mwaka huohuo tajiri Robert Bigelow akalinunua, akaweka wataalamu na kamera kwa miaka, na hawakutoka na ushahidi wa kushikika. Jamaa wa wenye shamba waliotangulia familia hiyo, walioishi hapo miongo mingi, alisema wao hawakuona kitu. Mwaka 2016 likauzwa tena, sasa linatengenezewa vipindi vya televisheni. Shamba lililotakiwa kulisha ng'ombe linalisha kamera! Nayo ofisi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani inayochunguza vitu vya angani ilitoa ripoti Machi 2024, ikasema haikupata ushahidi wa chombo chochote kutoka nje ya dunia.

Je, Uislamu unakataa kuwepo kwa viumbe huko mbinguni? Haukatai. Ash-Shura, aya ya 29, inasema Allah ameeneza viumbe mbinguni na ardhini. Baadhi ya wafasiri wamesema wa mbinguni ni malaika, wengine wameiacha aya kwa upana wake. Lakini aya hiyo haimpi mdogo wako ruhusa ya kudai kwamba wameshuka Mchinga.

Muslim amepokea kwa Ibn Abbas kwamba Maswahaba walikuwa wamekaa na Mtume (s.a.w.) usiku, kikapita kimondo kikang'aa. Akawauliza: zama za ujahilia mlikuwa mkisema nini kikipita kama hiki? Wakasema: tulikuwa tukisema usiku huu amezaliwa mtu mkubwa, au amekufa mtu mkubwa. Akawaambia hakirushwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Hivyohivyo alipofariki mwanawe Ibrahim na jua likapatwa, watu wakaunganisha mambo mawili, naye akiwa katika msiba wake akasimama kulikataa hilo. Angenyamaza tu, watu wangezidi kumtukuza.

Linalonitia hofu katika barua yako ni yule bibi. Umemtaja kwa maneno machache, kama mtu anayepita. Mzee anayeishi peke yake karibu na shamba lenye minong'ono yuko hatarini kuliko mbuzi wenu wote. Mjomba wako akilitamka neno hilo kilabuni, vijana wakalisikia, hamtaweza kulirudisha. Kumtuhumu Muislamu uchawi bila ushahidi ni dhulma, na siku ya Kiyama bibi atadai haki yake kwenu, si kwa mganga. Wewe ni mpwa, najua mjomba kwenu ndiye mwenye sauti. Mwendee kwa adabu, pengine na imamu wa msikiti wenu, mumuombe alimeze neno lake.

Kuuza ni hiari yenu, ila msiuze kwa hofu. Na chunguzeni mnunuzi alianza kutaja bei kabla au baada ya uvumi kuenea.

Mlinzi afundishwe Ayatul-Kursi ya kulalia, na dua aliyoisimulia Khawla bint Hakim: A'udhu bikalimatillahit-tammati min sharri ma khalaq. Anayeisoma anapofika mahali, hakuna kitakachomdhuru mpaka aondoke hapo. Na mpeni barakoa.

Ikiwa mbuzi mweusi ameshanunuliwa, msimrudishe. Mchinjeni nyumbani, mbali na mbuyu, kwa jina la Allah, iwe sadaka. Paja moja lipelekwe kwa bibi jirani, na alibebe mjomba mwenyewe.

Wallahu a'lam.