Kaunta ya mninga: anza na upande wa chini!

Mkuu, weka brashi chini kwanza. Umesema unatengeneza kaunta ya jikoni. Mninga kwa bei za sasa, umeunga, umepiga msasa hadi unateleza, halafu unataka kupaka juu tu "kwa kuwa chini hakuonekani"? Hayo maneno ndiyo aliyoniambia fundi wangu, huku anakunywa chai yangu.

Alipiga sanding sila (ile ya kuziba vinyweleo vya ubao) na klia, vanishi angavu, ile ya thina, inayokauka chapchap. Ikang'aa, wageni wanajitazama humo. Klia hiyo ni ya vitanda na kabati: ukitua sufuria ya moto inaacha duara jeupe. Hilo msasa ungelimaliza. Balaa lilikuwa kwenye shimo la sinki. Alikata, akatumbukiza sinki, akazungushia silikoni, akadai hela yake. Ule mkato akauacha kama ulivyotoka kwenye msumeno! Pale nyuzi za ubao zilipokatwa mti unavuta maji kama mrija. Silikoni ikaachia nyuma ya bomba, maji yakazama, ubao ukawa mweusi kuanzia ndani. Ukibonyeza, kucha inaingia. Chini nako hakukupakwa kitu, kukanywa mvuke na unyevu wa Dar, kukavimba kuliko juu, kaunta ikabonyea katikati, kingo zikainuka. Limao ukiliweka linabingirika lenyewe hadi katikati, watoto wakapata mchezo. Kipande chote cha sinki kikang'olewa, nikanunua mbao upya. Kumpigia fundi, eti mninga "haukukauka vizuri". Mninga kachagua yeye!

Kwa hiyo paka pande ZOTE kabla ya kufunga: juu, chini, kingo, na mikato ya sinki na tundu la bomba kuliko kwingine. Chukua vanishi ya poliyurethani, ile ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha), mikono mitatu, yaani tabaka tatu, msasa laini kila baada ya mkono. Kwenye mikato ongeza, maana mkono wa kwanza unanywewa wote. Iache ikomae mpaka harufu iishe kabisa, ndipo uweke chakula.

Na watakuja hapa watu wa mafuta ya kula. Achana nao, yanachacha, kaunta inanata na kunuka. Mafuta ya kitani angalau yanakauka, ila utayarudia kila mara, na matambara yake usiyarundike, yanaweza kuwaka yenyewe.

Kabla hujatumbukiza sinki, piga picha ya upande wa chini uitupie hapa. Ya juu baki nayo.